Pua ya Eusebia Quiterio

Mji mkuu Eusebia Quiterio ameufikia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alirudi akilalamika kwamba una kelele na vitunguu vyake havina ladha. Lakini muulize watu wa mji ule wanaishije, atakwambia vizuri kuliko wao wenyewe. Jumatatu wanafua. Jumamosi wanalewa. Wiki ya Krismasi wanakaanga nguruwe mpaka mafuta yanaganda kwenye kingo za mfereji. Mwaka ule wa homa mbaya alinusa dawa za kusafishia sakafu siku tatu kabla redio haijatangaza kitu. Watu milioni ishirini na ushei walikuwa wakivuta maji ya vyoo vyao, na maji yale yalisafiri chini ya ardhi, yakatokeza kwenye bonde letu la Mezquital, yakapita hapa kwetu Santa Rita mbele ya pua yake.

Mgeni akifika hapa anaziba pua. Aendelee kuziba. Babu zetu walilima bonde hili kwa kumwomba Mungu mvua, na Mungu alikuwa na shughuli nyingine; kulikuwa na mikonge na miiba, basi. Kisha mji ukaanza kututupia uchafu wake, na uchafu ukaotesha mahindi marefu kuliko mtu aliyepanda farasi. Maji meusi, ndivyo tunavyoyaita. Mboga za kuliwa mbichi tumekatazwa kuzimwagilia kwa maji hayo, na hatuzimwagilii, isipokuwa wale ambao sote tunawajua na hatuli kwao.

Kazi ya Eusebia ni mgawa maji. Yeye ndiye anayefungua na kufunga malango ya mfereji mkuu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila shamba kwa zamu yake. Malango yote yanazungushwa kwa hendeli moja ya chuma, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na mwenye hendeli ndiye mwenye neno. Ilikuwa ya baba yake, don Abundio. Alipofariki, mkutano wa wakulima ulicheka kusikia binti yake anaitaka. Wakamfunga kitambaa machoni, wakamletea ndoo tatu. Ya kwanza akasema, haya ni ya kilimani. Ya pili, ya mfereji, ya leo asubuhi. Ya tatu akainusa mara mbili, akasema, "Ya mfereji, ya jana. Na mwenye ndoo hii huwa anabebea pulke, pombe ya mkonge, na sijui kwa nini haioshi." Kicheko kikahamia upande wa pili. Akapewa hendeli akiwa na miaka ishirini na tisa, na sasa ana hamsini na mitatu.

Baba yake alikuwa amemfundisha mambo mawili. La kwanza ni msumari, mkubwa, wa reli, aliougongomea mwenyewe kwenye ukuta wa mfereji: maji yakiugusa, muda umekwisha, ukingo wa upande wa La Joya utakatika. La pili ni pua. Maji yakipanda yakiwa meupe na hayana harufu, ni mvua ya hapa hapa kilimani, yatapanda kidogo yashuke, achana nayo. Yakipanda yananuka, ujue mji umefungulia, na tangu harufu mpaka msumari una nusu saa. "Macho yana uongo mwingi," don Abundio alikuwa akisema. "Pua haijui kudanganya." Na kwa miaka ishirini na minne pua haikumdanganya.

Sasa hiyo La Joya ni mtaa wa bondeni, nyumba ishirini na tatu zilizokaa chini ya mfereji kama vikombe chini ya bomba. Mvua kubwa ikinyesha mjini, maji yote huja kwa mkupuo, na mfereji hauyabebi. Dawa ni moja: kufungua lango la pembeni, yamwagikie mashambani upande wa pili. Shamba la kwanza kuyapokea ni la Melquíades, mdogo wake Eusebia, mtoto wa baba mmoja na mama mmoja. Na lango lile lina ubaya wake. Ukishalifungua, maji hulisukuma kwa nguvu hata halifungiki tena mpaka mfereji ukauke. Yakimwagika hayazoleki, na hapa si methali tu.

Miaka miwili nyuma ofisi ya maji ya bonde ilipiga simu: mvua kubwa mjini, fungua. Eusebia hakuwa amenusa kitu, lakini simu ya wakubwa ni simu ya wakubwa, akafungua. Maji ya mji hayakuja, yalipitishwa njia nyingine. Yaliyomwagika yalikuwa yale yale ya kila siku, yakalala shambani siku mbili, na mahindi yaliyobakiza wiki moja kuvunwa yakaozea kwenye mabua. Melquíades hakumtukana, na ingekuwa afadhali angemtukana. Aliacha kumwita dada. Wakikutana njiani alivua kofia kwa adabu zote, akasema, "Mama mgawa maji," akapita. Kofia ile ilimuuma Eusebia kuliko matusi ya bonde zima.

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, kiwanda kipya cha kusafisha maji kikaunganishwa na mfereji wetu. Maji yakaja meupe. Watu wazima walisimama kingoni wakishangaa kwamba chini kule kumbe kuna mawe. Furaha ilidumu wiki tatu, mpaka alfalfa ya ng'ombe ilipogeuka njano na tukaanza kununua dukani mbolea ambayo jamaa wa mjini walikuwa wakitutumia bure kila asubuhi baada ya kahawa. Mkutanoni mzee mmoja alisimama, akadai arudishiwe uchafu wake. Mtu wa ofisi akatuliza watu: siku za mvua kubwa kiwanda kitazidiwa, maji meusi yatapita kama zamani. Eusebia alilishika neno hilo akaliweka. Akili yake ilijua maji yamebadilika, lakini pua hakuna aliyeiambia.

Basi Alhamisi ya pili ya Septemba, saa sita na nusu mchana, simu ikalia. Alikuwa injinia Zárate wa ofisi ya bonde.

"Doña Eusebia, mjini imenyesha tangu alfajiri. Maji yako njiani. Fungua la pembeni kabla ya saa tisa."

"Mengi kiasi gani?"

"Mengi. Kipimo cha juu kimesombwa, sina namba."

"Kama huna namba, una nini?"

"Nina akili, mama."

"Hata mara ile ulikuwa nayo."

"Saa tisa, doña Eusebia," injinia akasema, akakata simu.

Akaenda kwenye lango la pembeni na hendeli yake begani. Kutoka pale unaliona shamba la Melquíades lote, hekta nne, mahindi yamesimama kama askari, nywele zake zimeanza kuwa za kahawia. Alikuwa ameuza fahali wake ili anunue mbolea ya mahindi yale. Wanunuzi walikuwa wanakuja Jumamosi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Eusebia alikuwa ameumwa palepale alipokuwa amesimama. Kulifungua lango lile ni mizunguko mia na arobaini, dakika ishirini kwa mtu mmoja, na harufu inampa nusu saa. Akapiga hesabu, akaona muda unatosha. Atasubiri anuse.

Maji yalikuwa shubiri nne chini ya msumari.

Simu ikalia tena. Ilikuwa ya Tomasa, comadre wake, aliyemsimamia binti yake ubatizo, mjane anayeishi nyumba ya mwisho kabisa La Joya.

"Comadre, niinue godoro?"

"Bado."

"Majirani wameanza kupanda juu kanisani. Wamebeba mpaka televisheni."

"Waache, wanene wale, watapata mazoezi. Mimi sijanusa kitu."

"Kweli hujanusa?"

"Tomasa."

"Haya, haya. Nimeuliza tu. Nina mikate ya tortila motoni na bata mzinga wangu kaatamia, nikimtoa ataacha mayai. Kwa hiyo nikae?"

"Kaa," Eusebia akasema.

Saa nane kasorobo akatokea Melquíades kwa baiskeli. Akaiegemeza kwenye mkonge, akavua kofia.

"Mama mgawa maji."

"Melquíades."

"Nasikia umepigiwa simu."

"Bonde zima limesikia."

"Unafungua?"

"Sijanusa kitu."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Melquíades akapanda juu ya nguzo ya lango, akakaa pale pale hendeli inapochomekwa, mikono kifuani. "Basi utalizungusha mimi nikiwa juu yake."

"Utanishinda. Umenenepa."

Mdomo wa Melquíades ulicheza kidogo, karibu acheke, kisha akakumbuka kwamba hawasemezani. Wakakaa hivyo, yeye juu, dada yake chini, wote wawili wakiyatazama maji. Hewa ilikuwa nzito na kilimani kulikuwa na wingu, maana hata huku asubuhi ilikuwa imenyesha.

Saa nane na dakika kumi maji yakaanza kupanda. Kwanza vidole viwili, kisha vinne, kisha shubiri nzima. Eusebia akateremsha kopo lake la kamba, lile la baba yake, akachota, akalileta puani na kufumba macho. Jiwe lililolowa. Majani. Chuma cha kopo. Akanusa tena taratibu, akitafuta sabuni, akitafuta mafuta, akitafuta ule uvundo mtamu wa chini kabisa. Hakuna.

"Ya kilimani," akasema.

"Una hakika?"

"Nimekosea lini?"

Melquíades akamtazama.

"Kwa pua," akaongeza.

"Kwa pua, hujawahi," Melquíades akakubali, na mabega yake yakashuka.

Saa tisa kasoro dakika ishirini injinia akapiga tena. "Umefungua?"

"Yanayopanda ni ya kilimani, injinia. Yatashuka."

"Doña Eusebia, nakuomba."

"Likifunguka halifungiki, unalijua. Na shamba si lako."

"Hata nyumba si zangu," akasema injinia.

Neno hilo likamkaa. Akatazama msumari: shubiri mbili. Maji ya kilimani hupanda nusu saa, yakachoka, yakarudi. Haya yalikuwa na nusu saa sasa na hayajachoka. Akachota tena. Jiwe, majani, chuma. Akamwaga, akachota mara ya tatu, akanusa mpaka kichwa kikauma. Ukweli alioujua tangu utotoni ulikuwa ndani ya kopo lile, na ulikuwa umetulia, mweupe, unamwambia usiogope. Moyo wake haukuutaka ukweli huo, ila haukuwa na mwingine wa kuuweka mahali pake.

Tomasa akapiga. "Comadre, La Joya nimebaki mimi na kuku. Na mfereji unasema."

"Unasema nini?"

"Unavuma. Huusikii?"

Eusebia akasikiliza. Kweli ulikuwa unavuma. Alikuwa amenusa kwa bidii kiasi kwamba masikio aliyasahau.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kidogo, nitakupigia." Na hapo, Mungu amsamehe, hakusema toka.

Melquíades alikuwa ameinama kutoka juu ya nguzo ile akinawa uso, maana maji sasa yalikuwa yanafikika kwa mkono. Akajipangusa kwa kofia. "Maji ya kilimani mwaka huu," akasema, "yamepashwa moto na nani?"

Alisema kwa mzaha. Eusebia alimgeukia polepole, kisha akapiga magoti, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Miaka yote ile alikuwa akichota kwa kopo, kama baba yake, kwa sababu maji meusi hakuna mtu wa kuyatia mkono. Maji ya kilimani yanauma mifupa. Haya yalikuwa vuguvugu, kama maji uliyooshea vyombo ukayasahau kwenye beseni.

Ulikuwa mji. Ulikuwa umekuja tangu saa nane na dakika kumi, umeoga, umejisafisha, umepita mbele ya pua yake bila hodi.

"Shuka," akasema.

Melquíades alimwona uso, akaelewa, akageuka kuyatazama mahindi yake. Msumari ulikuwa umebakiza vidole vitatu.

"Shuka, Melqui."

"Dada," akasema. Miaka miwili hakuwa amelitamka. "Dada, bado siku mbili tu. Wanakuja Jumamosi."

"Najua."

"Nimemuuza yule fahali."

"Najua, mdogo wangu. Shuka."

Akakaa kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akaruka chini, akaichukua hendeli kutoka mikononi mwa dada yake, akaichomeka yeye mwenyewe. Wakaishika wote wawili, wakaanza kuzungusha. Chuma kilikuwa kigumu, kinalia. Mzunguko wa thelathini maji yakapenya chini ya lango na kuanza kuteleza kwenye matuta ya kwanza ya mahindi. Mzunguko wa hamsini Eusebia akatupa jicho ukutani, na msumari hakuuona.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni yake.

"Ni Tomasa," akasema. "Pokea."

"Nikiachia inarudi nyuma. Pokea wewe."

"Nikiachia mimi itakuvunja mkono."

Wakaendelea kuzungusha. Simu ililia, ililia, ikakatika. Ikalia tena. Eusebia alikuwa analia naye, machozi na makamasi, hana mkono wa kujifuta, na kinywa chake kinahesabu: sabini na mbili, sabini na tatu. Kwenye themanini na nane wakasikia upande wa La Joya sauti kama ya gunia la mahindi likitupwa sakafuni. Simu ikanyamaza. Hawakutazamana. Walifika mia na arobaini, lango likawa wazi lote, mahindi ya Melquíades yakaanza kulala safu kwa safu, na maji ya mferejini yakaanza kushuka.

Walikimbia. Ukingo ulikuwa umekatika hatua nne kwa upana, na La Joya yote ilikuwa ziwa. Nyumba tatu za udongo zilikuwa zimekaa chini kama wazee waliochoka. Watu wake walikuwa juu kanisani, wazima, pamoja na televisheni zao, kwa sababu hawakumsikiliza Eusebia. Hilo alilielewa akiwa ndani ya maji ya kiuno, anasukuma mlango wa Tomasa kwa bega.

Tomasa alikuwa juu ya meza ya jikoni, magoti kidevuni, amemkumbatia bata mzinga wake. Mayai na tortila vilikuwa vinaelea pamoja chumba kizima. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Melquíades akamnyanyua begani kama mtoto, na ndege wake.

"Nilikupigia," Tomasa akasema.

"Najua, comadre."

"Hukupokea. Nikasema, basi hajanusa kitu. Angekuwa amenusa, angenipigia mwenyewe."

Eusebia alifungua kinywa ajibu, na hapo hapo harufu ikafika. Iliingia kwa mlango na kwa dirisha, nzito, ya kale: sabuni, mafuta ya kukaangia, uvundo mtamu wa chini. Nyuma ya maji meupe yalikuwa yamefuata meusi, kama mtu wa ofisi alivyoahidi, yamechelewa saa moja. Maji ya chumbani yakageuka rangi kumzunguka kiuno. Alijua ni Alhamisi, alijua mjini wamekula samaki, alijua kila kitu. Alisimama pale akinusa, wala hakuweza kuacha.

Jumapili iliyofuata, mfereji ukiwa umeshakauka, lango la pembeni limefungwa na ukingo umezibwa kwa magunia ya mchanga, mkutano wa wakulima ulikaa kwenye ukumbi wa shule. Watu hawakupiga kelele, na kwetu hiyo ni dalili mbaya. Melquíades alisimama wa kwanza, kofia mkononi.

"Lawama ni yangu," akasema. "Nilikalia lango. Dada yangu alitaka kufungua, nikamzuia."

"Mwongo huyo," Eusebia akasema kutoka kwenye kiti chake. "Kaa chini, Melqui." Kisha akasimama yeye. "Ningetaka kufungua ningemsukumia mferejini, mnanijua. Sikutaka. Injinia aliniambia saa sita na nusu, nikasubiri harufu. Comadre wangu alitaka kutoka, nikamwambia kaa. Maji ya mji yalipita mbele yangu saa nzima, nikayaita ya kilimani. Ni mimi." Akaiweka hendeli mezani. "Mpeni mwingine."

Humo ukumbini mlikuwa na wanaume zaidi ya arobaini, na kwa miaka ishirini na minne wengi wao walikuwa wamesema barazani kwamba kazi ile hata mbuzi angeiweza. Sasa kila mmoja aliona kwamba viatu vyake vina tope. Nani mwingine alijua lango la nne linakwama na linataka teke, au la saba huvuja likifungwa sana? Yule mzee aliyedai uchafu wake akakohoa, akasema labda ofisi itatuletea mitambo ya kupimia. Mtu akauliza lini. Mzee akasema hilo hakuambiwa.

Hendeli ilikuwa bado mezani simu ya Eusebia ilipolia kando yake. Melquíades akaipokea, akaiweka kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

"Doña Eusebia," akasema injinia Zárate. "Mjini imeanza tena. Bado sina namba."

Eusebia, bila hata kujua anafanya nini, akageuza uso kwenye dirisha lililo wazi, akainua kidevu, akavuta hewa. Ukumbi mzima ulimwona. Alipogundua wanamtazama alishusha kichwa, na aibu iliyompanda usoni hatukuwahi kuiona kwake.

Tomasa alikuwa amekaa mstari wa mbele, na viatu vya kuazima. Akainuka, akaichukua hendeli kwa mikono miwili kwa uzito wake, akaja akaiweka mikononi mwa comadre wake.

"Leo usinuse, comadre," akasema. "Fungua tu."

Eusebia akaitia begani, akatoka kuelekea mferejini, na Melquíades akamfuata.